Deni la Mahali: Mtoto wa Kitengela na Mawe ya Olorgesailie

Mzazi ana madeni kwa mtoto wake ambayo hakuna anayeyabishia: chakula, malazi, matibabu, masomo, jina na, kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, dini. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imeyataja kadhaa kati ya hayo, ikasisitiza kwamba baba na mama wanabeba wajibu wa malezi sawasawa, wawe wameoana au hawajaoana. Lipo deni jingine ambalo ibara hiyo haikulitaja, na ambalo katika mji unaokua kwa kasi ndilo la kwanza kusahaulika. Nalo ni kumweleza mtoto mahali anapokulia: waliokaa hapa kabla ya wazazi wake ni akina nani, ardhi ilitoka mikononi mwa nani, wanyama waliokuwa wakipita wameelekea wapi, na familia yake imefikaje. Wapo watakaosema hayo ni anasa ya wenye nafasi. Wengine watahofia kwamba mtoto akirudishwa nyuma sana, hadi kwenye mifupa na mawe ya makumbusho, imani yake itatikisika. Hoja zote mbili zina uzito, na Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, ni mahali pazuri pa kuzipima.

Mji huo uko kando ya barabara ya Namanga, kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, kwenye tambarare za Athi-Kaputiei ambazo ni nchi ya Wamaasai wa Ilkaputiei. Wenyeji wa siku nyingi wanaukumbuka ukiitwa Noonkopir, kituo kidogo cha maduka machache. Sensa ya 2019 iliukuta na watu 154,436, katika kaunti iliyokuwa imetoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840. Makao makuu ya kaunti yako Kajiado, lakini kwa wingi wa watu Kitengela imeuacha mji huo mbali.

Ukuaji huo una asili yake. Sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha ranchi za vikundi iliwapa Wamaasai hati za kumiliki ardhi kwa pamoja, na kwa muda ng'ombe waliendelea kufuata mvua kama zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande na hatimiliki yake. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, EPZ ya Athi River ikajengwa jirani, na maelfu ya vijana waliokuja kushona nguo wakahitaji vyumba vya kupanga. Nyuma yao wakaja walimu, makarani, askari na wafanyabiashara waliochoshwa na kodi za Nairobi. Ekari zikakatwa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia, na waya wa seng'enge ukatandazwa mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mpaka.

Katika miezi ya ukame, wachungaji bado hupitisha ng'ombe katikati ya mitaa mipya wakitafuta majani yaliyosalia kwenye ploti ambazo hazijajengwa. Kwa mtoto wa miaka mitano aliyesimama ndani ya geti la mabati, jicho kwenye tundu la komeo, hilo ndilo tukio la siku. Pembe zinapita, kengele inalia, vumbi linaingia chini ya geti, na nyuma kabisa anapita kijana mwenye shuka, fimbo mkononi na simu sikioni. Mtoto huuliza ng'ombe hao ni wa nani na wanaenda wapi. Jibu analolipata kwa kawaida ni fupi: ni wa Wamaasai, wanaenda malishoni. Si la uongo. Lakini limeacha nje jambo ambalo mtoto angelielewa bila taabu, kwamba njia ile ilikuwa ya ng'ombe kabla haijawa ya mtaa, na kwamba chumba anacholala kilijengwa juu ya malisho hayo katika maisha ya watu ambao bado wako hai.

Sababu moja ya ufupi wa jibu ni kwamba mzazi mwenyewe hajihesabu kuwa wa hapa. Akiulizwa kwao ni wapi, atataja Murang'a, Kisii, Siaya au Machakos, na mtoto wake aliyezaliwa katika hospitali ya Kitengela atafundishwa kujibu vivyo hivyo. Kajiado imewahi kuwa kiini cha kesi maarufu kuliko zote nchini juu ya jambo hili. Desemba 1986 wakili S. M. Otieno alifariki dunia jijini Nairobi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong, wilaya ya Kajiado ya wakati ule. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilidumu miezi mitano. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila za Waluo, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki. Hoja iliyoshinda ni kwamba mwanamume Mjaluo anaweza kujenga popote, lakini kwao ni kwa baba zake.

Kesi ile ilimhusu mtu mzima aliyekufa, mtu aliyezijua sehemu zote mbili. Hali ya mtoto ni ngumu zaidi. Anaambiwa kwao ni mahali anapofika Desemba kwa wiki mbili, ambako binamu zake wanamcheka kwa lafudhi yake na hajui hata njia ya kwenda mtoni. Wakati huo huo mahali anapoishi miezi kumi na moja na ushee panachukuliwa kuwa pa kulala na kusomea tu. Kumfundisha asili ya babu zake ni jambo jema na la lazima. Mambo huharibika pale asili ya mbali inapofanywa sababu ya kutojua chochote juu ya mahali pa karibu, hadi mtoto akawa mgeni kotekote.

John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliutolea uzoefu wa namna hii lugha ya kuufikiria katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kutaja sehemu mbili za wakati. Aliyekufa hubaki ndani ya Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika Zamani, bahari kubwa ya wakati inayobeba kila kitu. Wapo wanafalsafa wa Kiafrika waliompinga Mbiti vikali, hasa kwa dai lake kwamba fikra za jadi hazikuwa na wakati ujao mrefu, na upinzani wao una msingi. Hata hivyo, mgawanyo wake unasaidia kuona upungufu wa mji mpya. Mtaani Kitengela hakuna marehemu wa pamoja. Mzee wa jirani hakuzikwa hapo. Alisafirishwa kwa gari lenye bendera nyekundu, mtaa ukachanga, na baada ya wiki chumba chake kikapata mpangaji mwingine. Mtoto anakulia mahali penye Sasa nyembamba mno, na Zamani ambayo hakuna aliyemwonyesha mlango wake.

Je, kumwonyesha mlango huo ni wajibu? Hannah Arendt, aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi na kuishia New York, aliandika juu ya elimu katika miaka ya 1950 na kutoa hoja ambayo inafika hadi Kitengela. Kwa maoni yake, mtu mzima anaposimama mbele ya mtoto anasimama kama mwakilishi wa dunia, hata kama dunia hiyo hakuiumba yeye na hata kama angetamani iwe nyingine. Anayekataa kuibeba dhamana hiyo hafai kushiriki katika malezi. Mpangaji wa Kitengela hakuigawanya ranchi, hakuijenga EPZ, wala hakuuza ekari moja. Lakini yeye ndiye aliyechagua kuhamia hapo, na mtoto hakuulizwa. Hapo ndipo deni linapozaliwa: anayemchagulia mwenzake mahali pa kuishi, tena mwenzake asiye na uwezo wa kukataa, anawajibika kumweleza mahali hapo palivyo na palivyokuwa. Ni wajibu wa aina moja na ule wa kumweleza mtoto jina lake lilitoka kwa nani.

Pingamizi la kwanza, la anasa, hutolewa na watu ambao maisha yao yanastahili heshima. Mama anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko kuwahi zamu kiwandani na kurudi usiku hana wikendi ya kuzurura na historia. Maji ya bomba hayafiki kila mahali, anayanunua kwa mtungi au kusubiri boza. Na muhula unapofunguliwa karo haingoji. Mtaala wa Umilisi nao umemwongezea kazi, kwa kuwa unamtaka ashiriki masomo ya mtoto. Kumwambia mtu kama huyo kwamba anadaiwa pia historia ya mahali kunaweza kusikika kama dharau. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya deni hili hulipwa kwa maneno, na maneno hayo huhitaji ujuzi zaidi ya fedha. Jibu la swali la ng'ombe lingeweza kuwa refu kwa sentensi mbili. Inapohitajika fedha, nauli na tiketi ya makumbusho, mzigo haupaswi kubaki kwa mama huyo peke yake.

Isitoshe, katika Kajiado malezi na ardhi havijawahi kuwa mambo mawili. Familia nyingi za Wamaasai zilizouza vipande vyao ziliuza ili kulipa karo. Mtoto akasoma, na uzio ukasogea. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini, kwenye mto Mbagathi, haukuwekwa uzio ili nyumbu na punda milia watoke wakati wa mvua kwenda kulisha na kuzalia Kitengela. Nyumbu waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 walibaki maelfu machache miongo mitatu baadaye. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio, wasiuze na wasichimbe mawe. Malipo yalipangwa yatolewe mara tatu kwa mwaka, yakifuata mihula ya shule. Waliopanga hivyo walielewa vizuri kinachomfanya mzazi auze. Hakuna maelezo ya wazi kuliko hayo juu ya namna karo ya mtoto mmoja ilivyofungwa pamoja na njia ya nyumbu na malisho ya watoto watakaofuata. Mtoto wa mpangaji anaweza kuelezwa habari hii akiwa darasa la pili.

Mmoja wa watoto waliokulia katika mvutano huo anajulikana dunia nzima. Richard Turere alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake karibu na mpaka wa mbuga, na simba walikuwa wakivamia boma usiku. Alijaribu moto, haukusaidia. Alijaribu sanamu ya kutishia ndege, simba wakaizoea usiku wa pili. Akagundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 alichukua betri ya gari, kifaa cha taa za kuashiria cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akazifunga kuzunguka boma ziwake na kuzimika kwa zamu. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alisimulia hayo kwenye jukwaa la TED, California. Kwingineko Kitengela mambo hayakwisha hivyo: Juni 2012 wanakijiji waliochoka kupoteza mbuzi waliua simba sita kwa siku moja. Kinachoshangaza ni idadi ya watoto wanaoishi kilomita chache kutoka hapo, wenye tableti na katuni za simba, ambao hawajawahi kuisikia habari ya Turere wala ya wale simba sita.

Zamani ya mbali zaidi ina makumbusho yake, na yamo ndani ya kaunti hiyo hiyo. Olorgesailie iko sakafuni mwa Bonde la Ufa, kando ya barabara ya Magadi, kilomita 70 hivi kutoka Nairobi, katika nchi ya Wamaasai wa Iloodokilani. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipita hapo mwaka 1919 na kuona mawe yaliyochongwa. Mary na Louis Leakey walianza kuchimba katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wakisaidiwa na wafungwa wa kivita wa Kitaliano, na mahali pakafunguliwa kwa umma mwaka 1947. Glynn Isaac alichimba huko katika miaka ya 1960, na tangu 1985 Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani ameendelea pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kwa watoto, Olorgesailie ina faida ambayo makumbusho makubwa hayana: sehemu kubwa ya vitu vyake haikuondolewa pale ilipokutwa. Baada ya chumba kidogo cha maonyesho, mgeni hutembea kwenye vijia vilivyoinuliwa vya mbao, na chini ya miguu yake, juu ya udongo mweupe wa ziwa lililokauka, yamelala mamia ya mashoka ya mkono. Kila moja limechongwa pande zote mbili hadi likawa na umbo la tone la maji, zito kushinda kiganja cha mtoto, ncha upande mmoja na kitako cha kushikia upande wa pili. Yalitengenezwa kwa mawe ya volkeno ya mlima Olorgesailie unaoonekana pale pale. Watoto huuliza kwanza kama yanakata bado. Swali la pili mara nyingi ni la maana zaidi: kwa nini yako mengi hivi mahali pamoja, na aliyeyatengeneza alikwenda wapi? Watafiti wenyewe wamelijadili swali hilo kwa miongo. Karibu na hapo yapo mabaki ya tembo wa aina iliyokwisha toweka, pamoja na zana za mawe zilizotumika kumkata, na visukuku vya nyani wakubwa kuliko nyani yeyote wa leo. Mwaka 2003 vikapatikana vipande vya fuvu la binadamu wa kale wa miaka 900,000 hivi.

Ugunduzi uliochapishwa mwaka 2018 unafaa zaidi kwa mazungumzo ya mzazi na mtoto. Katika tabaka za miaka 320,000 hivi iliyopita, mashoka makubwa yametoweka na badala yake zimo zana ndogo, nyembamba, nyingine za obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Obsidiani haipatikani hapo. Ililetwa kutoka kilomita 25 na zaidi, kupitia milima na mabonde. Pamoja nayo ziko rangi nyekundu na nyeusi zilizosagwa. Potts na wenzake wanaona katika hayo dalili ya watu waliobadilishana vitu na majirani wa mbali, wakati hali ya hewa na ardhi ya bonde ilipokuwa ikiyumba na chakula hakina hakika. Mtoto wa Kitengela, ambaye jirani yake wa kulia ni Mkamba, wa kushoto Msomali na mbele muuza maziwa Mmaasai, anaweza kuambiwa kwa ukweli kabisa kwamba kuishi kwa kutegemea watu wa mbali ni jambo la kale sana katika Kajiado.

Hapa linaingia pingamizi la pili, la imani. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo, akisema kwa niaba ya makanisa ya kievanjeli, aliyataka yasiyape masalia ya binadamu wa kale nafasi ya heshima wala kuwasilisha mageuko kama jambo lililothibitishwa. Kitovu cha ubishi kilikuwa mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu karibu na mto Nariokotome mwaka 1984, ya mtoto wa kiume aliyekufa kabla ya kubalehe, miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Mtafiti wa binadamu wa kale Richard Leakey alijibu kwa ukali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mifupa ikawekwa hadharani.

Wasiwasi wa askofu haukuwa wa kupuuzwa. Mzazi muumini ana haki ya kutotaka mtoto wake aambiwe kwamba yeye ni mnyama tu, wala hakuna sayansi inayoweza kuthibitisha neno hilo "tu". Lakini dawa aliyoipendekeza ina madhara kuliko ugonjwa, na mapokeo ya dini zenyewe yanaipinga. Agostino wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa katika Algeria ya leo, alionya mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba Mkristo akisema mambo yasiyo kweli juu ya anga na ardhi huku akidai kuyatoa katika Maandiko, msikilizaji anayeyajua mambo hayo ataacha kuyaamini Maandiko hata yanapohubiri ufufuo. Papa Pius wa 12 aliruhusu mwaka 1950 uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu. Yohane Paulo wa 2 akaongeza mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko imeshakuwa zaidi ya dhana. Sura ya al-Ankabut ndani ya Kurani inawaamrisha watu watembee katika ardhi watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Na kitabu cha Yoshua kinasimulia kwamba Waisraeli walipovuka Yordani waliinua mawe kumi na mawili yaliyotoka mtoni, makusudi watoto wa baadaye wayaone na kuuliza, na baba zao wawe na la kujibu. Waliyaacha mahali ambapo mtoto asingeweza kuyapita bila kuuliza.

Mtoto akisimama mbele ya fuvu na kuuliza kama huyo ndiye Adamu, mzazi mwaminifu hana sababu ya kukimbia. Anaweza kumwonyesha kwanza kinachoonekana: mfupa, jiwe, alama ya mkato kwenye ubavu wa tembo. Kisha amweleze jinsi wataalamu wanavyohesabu miaka kwa kupima majivu ya volkeno yaliyofunika tabaka, na kwamba wamewahi kukosea na kujisahihisha. Mwishoni amwambie familia inaamini nini juu ya Mungu na mwanadamu, na kwa nini inaamini. Mambo hayo matatu yana aina tatu tofauti za uhakika, na mtoto anayezitofautisha mapema atakuwa na kinga kubwa dhidi ya wahubiri wa uongo na wanasayansi wa mtandaoni vilevile. Imani inayovunjika kwa sababu ya kabati la kioo ilikuwa na nyufa kabla ya kufika makumbusho. Mara nyingi nyufa hizo zilianzia nyumbani, mtoto alipouliza akaambiwa anyamaze.

Makumbusho ya mambo ya kale yana hatari nyingine, ambayo viongozi wa dini hawakuizungumzia. Yanaweza kuruka. Mtoto akitoka kwenye mashoka ya miaka 900,000 akarudi moja kwa moja kwenye ploti ya baba yake, atadhani kwamba kati ya nyakati hizo mbili hapakuwa na mtu. Kati yake kuna Ilkaputiei na Iloodokilani, kuna mikataba ya 1904 na 1911 iliyowahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya kaskazini, kuna kesi waliyofungua kuipinga na kushindwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba wao ni dola yenye mkataba na haiwezi kusikilizwa katika mahakama ya kikoloni. Kuna pia simulizi ya Enkai aliyewashushia Wamaasai ng'ombe kutoka mbinguni, ambayo kwa mchungaji anayepita nje ya geti ni maelezo ya kwa nini mifugo ni amana. Mzazi anayempeleka mtoto Olorgesailie na kumwonyesha mawe bila kumwonyesha maboma yaliyo kando ya barabara amelipa nusu ya deni. Nusu ya pili ni ngumu kwa kuwa inagusa hatimiliki iliyo kwenye kabati la nyumbani. Kununua ardhi kwa halali hakumfanyi mtu mwizi. Kunamfanya jirani, na jirani anapaswa kujua amekaa kando ya nani.

Odera Oruka, yule yule wa kesi ya Otieno, aliandika kabla ya kifo chake mwaka 1995 juu ya maadili ya dunia kwa mfano wa familia moja: ndugu wametofautiana kwa mafanikio, lakini asili ni moja na hatima ni moja, hivyo aliyefanikiwa hawezi kudai kwamba mali yake haimhusu mwenzake kabisa. Alikuwa akifikiria mataifa tajiri na maskini. Hoja yake inatosha pia mji mmoja, wenye mwenye ghorofa, mpangaji wa chumba na mchungaji aliyebaki na ng'ombe wanane.

Kwa upande wa serikali, sheria iko wazi kuliko utekelezaji. Jedwali la Nne la Katiba limeweka makumbusho na maktaba katika kazi za kaunti, kwenye aya ile ile yenye leseni za pombe. Jedwali hilo pia limeziachia kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Olorgesailie yenyewe iko chini ya Makumbusho ya Taifa, lakini hakuna kinachoizuia kaunti ya Kajiado kulipia basi ili kila mtoto wa chekechea ya umma afike huko mara moja kabla ya kuingia darasa la kwanza. Wala hakuna kinachoizuia kutenga chumba kimoja Kitengela ambamo wazee wa Ilkaputiei watasimulia habari za Noonkopir zikarekodiwa, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, wakiwa bado wapo. Makanisa na misikiti ya mji huo, yenye magari na vikundi vya watoto kila wikendi, yangeweza kuanza kesho.

Na mzazi mwenye nafasi ya siku moja asisubiri kaunti. Barabara ya lami inatoka Kitengela hadi Isinya, inakata kulia hadi Kiserian, kisha inafuata njia ya Magadi kupitia Corner Baridi na kuteremka bondeni hadi Oltepesi, karibu na lango la makumbusho. Jua la huko ni kali kuliko la tambarare. Familia ibebe maji mengi na kofia, ifike kabla ya saa nne asubuhi, na imwache mtoto aulize.